WATOTO TULIOWALETA KISIMANI
Ubatizo, wokovu na wajibu wa mume na mke



Kabla hamjaendelea kusoma, tunawaomba jambo moja dogo. Mmoja wenu na ainuke, afungue sanduku mnamotunza karatasi za nyumbani, atoe cheti cha ubatizo cha mtoto wenu. Mara nyingi tunakitafuta siku katekista anapokidai kwa ajili ya Komunyo ya Kwanza au Kipaimara. Leo kitazameni kwa sababu nyingine. Pana jina la mtoto, tarehe, jina la padre, na majina yenu wawili. Siku ile mlisimama pamoja mbele ya kisima cha ubatizo. Padre aliwauliza mnaombea nini mtoto huyu, nanyi mkajibu. Kisha akawauliza kama mnaelewa wajibu mnaoupokea wa kumlea katika imani, mkajibu kwamba mnaelewa.

Je, tulielewa kweli? Swali hili ni zito kwetu sisi tunaokaa Malindi na Kilifi. Sababu yake mnaijua.

KILICHOTOKEA JIRANI YETU

Mwezi wa Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, upande wa bara kutoka mji wa Malindi. Hadi kazi hiyo ilipopungua, miili zaidi ya 400 ilikuwa imetolewa. Uchunguzi wa madaktari ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, na baadhi yao, wakiwamo watoto, walinyongwa au kupigwa. Wengi walikuwa wamehama kutoka sehemu mbalimbali za Kenya kumfuata mhubiri Paul Mackenzie, aliyekuwa na kanisa lake mjini Malindi kabla ya kulifunga mwaka 2019. Mwaka 2024 yeye na wenzake walishtakiwa mahakamani, pamoja na mashtaka mengine, kwa mauaji ya watoto 191. Walikana mashtaka. Miaka miwili baada ya Shakahola, mwaka 2025, makaburi mengine yalifukuliwa Kwa Binzaro, huku huku Kilifi.

Kazi ya mahakama ni ya mahakama. Ukurasa huu ni wa ndoa, na swali letu ni la nyumbani. Watoto wale hawakwenda msituni peke yao. Walishikwa mkono na mama, au walibebwa mgongoni na baba. Wazazi wengi kati ya hao hawakuwachukia watoto wao. Waliambiwa kwamba wanawapeleka kwa Yesu. Baadhi ya waliookolewa walikataa hata chakula walichopewa.

Tusiseme upesi, "Hao si Wakatoliki, sisi hayatupati." Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu nchini Uganda, mamia ya watu waliteketea kwa moto ndani ya nyumba ya sala ya kundi lililojiita la kurudisha Amri Kumi za Mungu. Wafuasi wengi wa kundi lile walikuwa Wakatoliki waliobatizwa kama sisi, na miongoni mwa viongozi wake alikuwamo aliyekuwa padre. Huko nako mambo yaliharibika kwanza nyumbani: mume na mke walikatazwa kukutana kimwili, na watu waliacha kuzungumza wakawa wanaonyeshana kwa ishara. Basi, ndugu msomaji, hebu tujifunze tena yale tuliyoyaahidi kisimani.

UBATIZO UNAFANYA NINI?

Katekisimu inatufundisha kwamba kwa ubatizo tunaondolewa dhambi ya asili, tunazaliwa upya kuwa wana wa Mungu, na tunaunganishwa na Kristo na Kanisa lake. Mtakatifu Paulo, katika sura ya 6 ya Waraka kwa Warumi, anaeleza kwamba tunazikwa pamoja na Kristo katika maji ili tufufuke pamoja naye na kuishi maisha mapya. Kifo kinachotakiwa kwa Mkristo ni hicho cha kuifia dhambi. Kristo alikwisha kufa kwa ajili yetu mara moja tu, na kifo chake kinatosha. Anayemwambia mzazi kwamba mtoto lazima afe kwa njaa ndipo amwone Yesu, anafundisha kana kwamba Msalaba haukutosha.

Ubatizo unatia rohoni alama isiyofutika. Ndiyo maana haurudiwi. Mtu akitenda dhambi, hata iwe kubwa namna gani, anarudi kwa Sakramenti ya Kitubio, harudi kisimani. Vilevile ndugu zetu wa madhehebu mengine waliobatizwa kwa maji, kwa jina la Utatu Mtakatifu, Kanisa letu haliwabatizi tena wanapojiunga nasi. Basi jirani akikuambia kwamba ulibatizwa ukiwa mchanga na kwa hiyo ubatizo wako ni bure, usimkasirikie, wala usibabaike. Mkumbushe mlinzi wa gereza katika sura ya 16 ya Matendo ya Mitume, aliyebatizwa usiku ule ule pamoja na watu wote wa nyumbani mwake. Mtoto hachagui kuzaliwa, hachagui maziwa ya mama yake, wala hachagui jina. Anapewa kwa sababu anapendwa. Neema nayo hutolewa hivyo hivyo.

Kwa sababu ni zawadi kubwa, sheria ya Kanisa (kanuni ya 867) inataka wazazi wahakikishe mtoto anabatizwa katika majuma ya kwanza. Wengine wetu tunangoja miaka miwili hadi fedha za karamu zipatikane: pilau, mbuzi, viti vya kukodi. Karamu ni nzuri, lakini si sakramenti. Na mtoto akiwa katika hatari ya kufa, abatizwe bila kukawia. Padre asipopatikana, mtu yeyote mwenye nia ya kufanya lifanyalo Kanisa aweza kummwagia maji kichwani akimbatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Mama mkwe aweza. Muuguzi aweza. Kisha paroko aarifiwe ili aandike kitabuni.

"JE, UMEOKOKA?"

Swali hili tunaulizwa katika matatu, sokoni, hata msibani. Wakatoliki wengi hunyamaza kwa haya. Tunaweza kujibu kwa amani, na jibu letu lina sehemu tatu. Nimeokolewa, kwa sababu Kristo alinifia na nikabatizwa. Ninaokolewa, kwa sababu kila siku neema yake inanisaidia kuacha dhambi na kutenda mema. Natumaini kuokolewa, kwa sababu mwendo bado haujaisha, na ninaweza kuanguka.

Jibu hili linatukinga na makosa mawili. Kosa la kwanza ni kulala usingizi: "Nimebatizwa, cheti ninacho, yatosha." Mtakatifu Yakobo anafundisha kwamba imani isiyo na matendo imekufa. Baba aliyebatizwa anayemaliza mshahara kwenye mnazi huku watoto wakilala na uji mtupu, cheti chake hakimsaidii. Kosa la pili ni hofu: kudhani kwamba Mungu yu karibu kututupa, na kwamba tusipofanya jambo la ajabu tumepotea. Hofu hiyo ndiyo mlango wanaoupitia walaghai. Mtu anayejua kwamba yeye ni mwana wa Mungu, si rahisi kumtisha.

KUFUNGA KWA MKRISTO

Yesu mwenyewe alifunga, na Kanisa linatudai tufunge. Lakini tazameni hekima ya mama Kanisa. Siku za lazima za kufunga ni mbili tu kwa mwaka: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Sheria ya kufunga (kanuni ya 1252) inawahusu watu kuanzia umri wa miaka 18 hadi mwanzo wa mwaka wao wa 60. Kuacha nyama kunaanza kwenye miaka 14. Mtoto mdogo halazimishwi. Mgonjwa, mama mjamzito na mama anayenyonyesha hawafungwi na sheria hiyo. Na hata siku yenyewe ya kufunga, mtu anaruhusiwa mlo mmoja kamili na kitu kidogo mara mbili.

Wazazi wafundishe watoto maana ya kujinyima kwa namna ya kitoto: kuacha peremende wakati wa Kwaresima, kugawana embe na mwenzake, kumpelekea bibi jirani maji. Nabii Isaya, katika sura ya 58, anasema kwamba mfungo anaoupenda Mungu ni kumlisha mwenye njaa. Basi mfungo unaomwachisha mtoto kula umegeuzwa juu chini. Kumbukeni pia Abrahamu. Mungu ndiye aliyeuzuia mkono wake usimdhuru Isaka. Na katika kitabu cha Yeremia, sura ya 7, Mungu anasema juu ya watu waliowachoma watoto wao kwamba jambo hilo hakuliagiza kamwe, wala halikumwingia moyoni.

UHAI WA MTOTO SI MALI YETU

Baba wengine husema, "Mimi ni kichwa cha nyumba hii. Nikisema tunahama, tunahama." Ni kweli Mtakatifu Paulo, katika sura ya 5 ya Waraka kwa Waefeso, anamwita mume kichwa cha mke. Lakini anaongeza mara moja kwamba mume ampende mke kama Kristo alivyolipenda Kanisa hata akajitoa kwa ajili yake. Kichwa cha namna hiyo ndicho cha kwanza kukaa na njaa ili wengine wale. Utii wa mke, na utii wa mtoto, una mpaka wake, nao ni amri ya Mungu. Hakuna mume, mke wala mhubiri awezaye kuamuru lile Mungu alilolikataza.

Katekisimu inatukumbusha kwamba sisi ni watunzaji wa uhai, wala si wenye mali. Hata Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya chakula, makazi, matibabu, elimu na malezi ya wazazi wote wawili. Hapa Injili na sheria ya nchi zinakubaliana.

MWENZAKO ANAPOVUTWA

Sasa tufike kwenye jambo linaloumiza. Tuchukue mfano. Mume ni mvuvi, mke ni mama wa nyumbani. Mwaka jana walizika mtoto aliyekufa kwa homa. Siku za kwanza watu walijaa uani, kisha kila mmoja akarudi kwake. Mume akarudi baharini. Mke akabaki na kilio chake. Jirani akamwalika kwenye maombi ya usiku, na huko akashikwa mkono, akaitwa kwa jina, akaliliwa. Baada ya miezi michache mume anarudi nyumbani alfajiri na kukuta dawa za mtoto mwingine zimetupwa jalalani.

Baba huyu aweza kufoka: "Mwanamke mjinga wewe! Kuanzia leo hutoki mlangoni!" Akisema hivyo amekwisha kumkabidhi mkewe kwa wale wanaomwita kwa upole. Aweza pia kunyamaza na kurudi zake baharini, na hilo ni baya zaidi. Njia ya tatu ni hii: aende kwanza ampeleke mtoto zahanati, kwa maana hilo halingoji. Kisha aketi.

"Mama watoto, nimeona dawa zimetupwa. Sikugombezi. Nieleze ulichoambiwa."

"Baba watoto, wewe hukuwapo. Tangu tumzike mtoto hujanitajia hata jina lake."

Hapo ndipo penye kidonda. Mara nyingi mtu havutwi na mafundisho. Anavutwa na pengo lililo nyumbani mwake mwenyewe. Aweza kuwa ni mume aliyeachishwa kazi hotelini watalii walipopungua, ambaye nyumbani anaitwa mzigo na kwenye maombi anaitwa mtumishi. Aweza kuwa ni mke aliyechoka na madeni. Yeyote anayetaka kumrudisha mwenzake na aanze na pengo hilo. Labda huyu baba aanze kwa kusema, "Ni kweli. Nisamehe. Kesho twende kaburini pamoja." Kwa kusema hivyo hajakubaliana na yule mhubiri. Amefungua mlango tu, ili mazungumzo mengine yawezekane.

Halafu pimeni pamoja, kwa utulivu, mafundisho hayo. Tunawapa alama tano za kujihadhari:

1. Yanakutenga na mwenzako, wazazi wako na jirani, na kukuambia kwamba wao ni wa shetani.

2. Yanakataza hospitali na shule. Mungu aliyeumba miti ya dawa ndiye aliyempa daktari akili.

3. Yanakudai uuze shamba, mifugo na vyombo, ukaishi mahali pasipofikika.

4. Mhubiri haulizwi swali, na atakayeuliza anaonekana hana imani.

5. Tarehe ya mwisho wa dunia imetajwa. Yesu alisema kwamba siku ile haijulikani na mtu.

Mkiona moja, ulizeni. Mkiona mbili au tatu, msiende tena.

Msibaki peke yenu. Mwendeeni paroko au katekista, hasa mkiwa wawili. Tafuteni wanandoa wakubwa mnaowaheshimu, na wasimamizi wenu wa ndoa. Kazi yao haikuisha siku ya arusi. Waulizeni pia wasimamizi wa ubatizo wa mtoto: wao nao waliahidi kuwasaidia katika malezi. Na ninyi wanajumuiya ndogo ndogo, huyu mama wa mfano wetu alikaa miezi mingapi bila kuja kwenye sala? Nani alipiga hodi? Tukiona kiti kitupu, tuende siku hiyo hiyo na kilo ya unga. Tusingoje ripoti ya mwaka.

MTOTO AKIWA HATARINI

Wasomaji wengine, hasa akina mama, hudhani kwamba Kanisa linawalazimisha kukaa hata nyumba ikiwaka moto. Sivyo. Kifungo cha ndoa hakivunjiki, lakini kanuni ya 1153 ya Sheria za Kanisa inasema wazi: mmoja wa wanandoa akimletea mwenzake au watoto hatari kubwa ya roho au ya mwili, mwenzake ana sababu halali ya kutengana naye. Kwa kawaida hilo hufanyika kwa uamuzi wa Askofu, lakini kukiwa na hatari katika kukawia, mtu aweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Hatari ikikoma, maisha ya pamoja yanapaswa kurudishwa, isipokuwa Kanisa limeamua vingine.

Kwa hiyo, mwenzako akitaka kuondoka na watoto kwenda mahali pa kufunga hadi kufa, au akiwanyima chakula au dawa, usingoje kikao cha wazee. Wachukue watoto, wapeleke kwa babu au shangazi. Mwarifu chifu na polisi. Hapa Kenya ipo pia namba ya simu 116 kwa ajili ya watoto walio hatarini, nayo hailipiwi. Wapo watakaosema umeianika nyumba yako. Wajibu kwamba uliahidi kisimani.

Na mwenzako usimfute moyoni. Mtakatifu Paulo, katika sura ya 7 ya Waraka wa kwanza kwa Wakorintho, anafundisha kwamba mwenye imani humtakasa mwenzake asiyeamini. Endelea kumwombea, na mlango wa kurudi usiufunge.

UCHAJI WA MUNGU UNAANZIA JIKONI

Pengine mwasema, "Sisi hatuna shida hiyo." Mshukuruni Mungu, na jengeni ukuta kabla ya mafuriko. Hazitakiwi fedha. Salini pamoja jioni, hata kama ni Baba Yetu moja na Salamu Maria moja, baba akiwapo. Wawekeeni watoto ishara ya msalaba kwenye paji la uso wanapokwenda kulala, kama mlivyofanya siku ya ubatizo wao. Adhimisheni tarehe ile iliyo kwenye cheti: washeni mshumaa mezani, mwelezeni mtoto siku ile ilivyokuwa, nani alimbeba, nani alilia. Mtoto anayejua ubatizo wake hatashangazwa na mtu wa kwanza atakayemwambia kwamba hajaokoka. Someni Injili ya Jumapili siku ya Jumamosi usiku, na ruhusuni maswali. Nyumba ambamo maswali yanaruhusiwa si rahisi kutekwa na mhubiri asiyeulizwa.

Zaidi ya yote, kaeni mkila pamoja. Sima na mchicha, au samaki siku ya neema, na sala fupi kabla ya kuosha mikono. Kulisha wenye njaa ni tendo la huruma, nanyi mnalitenda kila siku bila kujua kwamba Kristo anahesabu. Mtakatifu Mathayo, katika sura ya 25, anatuonyesha kwamba hilo ndilo tutakaloulizwa siku ya mwisho.

MASWALI YA KUJADILI MUME NA MKE

1. Mtoto wetu alibatizwa tarehe gani? Wasimamizi wake wako wapi leo, na mara ya mwisho walimwona lini?

2. Je, kuna huzuni au deni nyumbani mwetu ambalo mmoja wetu analibeba peke yake?

3. Mmoja wetu akikosea njia, mwingine atamwendea nani kwanza kuomba msaada? Tutaje jina.

4. Ni nani katika jumuiya yetu hajaonekana mwezi huu?

TUSALI

Ee Mungu Baba yetu, ulitupa watoto hawa, nasi tukawarudisha kwako katika maji ya ubatizo. Utusamehe pale tulipoisahau ahadi yetu. Uwapokee katika amani yako watoto wote waliokufa kwa njaa katika misitu yetu. Uwafariji jamaa wanaowatafuta wapendwa wao hata leo. Utujalie mume na mke tusikilizane, tulindane, na tuwaongoze wanetu kwenye uzima. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.